Asindikizwe Mpaka Garini

Kila Jumanne mchana, Noella Cyr aliondoa sahani za udongo mezani na kuweka za plastiki. Aliondoa pia glasi, chupa ya asali na saa ya mezani ya marehemu mama yake. Halafu alikaa dirishani kungoja gari jeupe.

Mimi nakaa ng'ambo ya barabara. Nikimwona Noella anahamisha glasi, najua leo ni Jumanne. Sina haja ya kalenda.

Kwetu ni kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani. Ukivuka mto umeingia Kanada. Tunalima viazi. Wakati wa mavuno hata shule zinafungwa ili watoto waende shambani. Hapa kila mtu anamjua mwenzake, na chakula kikiungua kwa jirani, harufu haijafika na habari imeshafika.

Noella na mumewe Rosaire walikuwa walezi wa muda. Maana yake ni hii. Mtoto akiwa hatarini nyumbani kwao, mahakama inaweza kuagiza akae kwa familia nyingine. Familia hiyo inamlea wakati wazazi wake wanajirekebisha. Mwaka ule walimlea Delphine, msichana wa miaka mitano. Alikuwa mdogo wa mwili, lakini kwa maneno alikuwa mama mkwe mzima.

Mama yake Delphine ni Corinne Michaud. Corinne aliumia mgongo ghalani, kwenye mashine ya kuchambua viazi. Akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Mgongo ukapona, vidonge vikabaki. Ikafika mahali hawezi kuamka bila vidonge, wala kulala bila vidonge. Siku moja ya mavuno, Delphine alionekana barabarani peke yake, bila viatu, malori ya viazi yanapita. Jioni ile ile afisa wa ustawi wa jamii akaja na polisi. Wakamchukua mtoto.

Mimi simtetei Corinne. Mtoto angekufa pale. Lakini haki ya mtu apewe: alikubali kosa, akaingia kwenye matibabu, na tangu hapo hajagusa kidonge. Kila Jumanne aliruhusiwa kuonana na Delphine katika chumba cha ofisi, afisa akiwapo. Hakukosa hata Jumanne moja, hata zile za theluji ya kufika magotini.

Shida ilikuwa mtoto akirudi.

Jumanne moja nilikuwa napeleka mayai kwa Noella. Gari jeupe likaingia uani. Kabla halijasimama, kilio kilishasikika. Dereva wa ofisi akafungua mlango. Kiatu kikaruka nje, kikampita sikioni.

"Haya, mwanangu, karibu nyumbani," Noella akasema.

"Hapa si nyumbani! Na wewe ni kiazi! Kiazi kilichooza!"

"Kiazi kilichooza kimepika supu ya kuku. Njoo ule."

"Sili!"

Kweli hakula. Bakuli la plastiki likaenda ukutani. Usiku akakojoa kitandani. Jumatano akamng'ata mtoto mwenzake shuleni. Alhamisi akaanza kutulia. Ijumaa akacheka. Kisha Jumanne ikaja tena.

"Mke wangu," Rosaire akasema, akifuta supu ukutani, "hizi safari zinamuumiza mtoto. Zikomeshwe."

"Nimeshamwambia Afisa Whitcomb," Noella akajibu. "Na yeye ameona hivyo hivyo."

Hadley Whitcomb ndiye afisa wa ustawi wa jamii. Alikuwa kijana kutoka kusini mwa jimbo, mchapakazi, mwenye watoto chungu nzima wa kuwaangalia. Alikuwa ameiomba mahakama ipunguze Jumanne hizo. Badala ya kila wiki, Corinne amwone mtoto mara moja kwa mwezi. Kesi ilipangwa kusikilizwa mwezi wa tatu.

Kwa mtoto wa miaka mitano, mwezi ni mrefu kama mwaka. Anasahau sauti ya mama yake. Anasahau mikono yake. Na jaji akiona mama na mtoto wameshakuwa kama wageni, anaweza kuamua mtoto asirudi tena. Kwa hiyo pale mahakamani Corinne angeweza kumpoteza Delphine, na Delphine kumpoteza mama yake. Hayo hayakuwa maneno ya kutishana. Yalikuwa karibu kutokea.

Wiki iliyofuata, akabisha hodi Odile Deschaine.

Odile ni mwenye saluni. Anatukata nywele, anatupaka rangi, anatutia mawimbi. Saluni yake ndiyo redio yetu. Noella alipomwona mlangoni alishangaa.

"Odile! Mbona miadi yangu ya nywele ni Ijumaa?"

"Leo sikujia nywele. Nimemjia Delphine. Jaji ameniteua niwe msemaji wake mahakamani."

"Wewe? Jaji amekosa watu?"

"Amekosa," Odile akasema, akivua viatu vyake vya theluji. "Ndiyo maana mahakama inaomba watu wa kujitolea."

"Basi umekuja kukagua friji yangu."

"Friji sina haja nayo. Kahawa nataka."

Noella alikuwa amechoka na wakaguzi. Hata hivyo alimimina kahawa. Akaweka na ploi mezani, zile chapati zetu laini zinazopikwa upande mmoja tu, na siagi juu yake.

"Sasa niambie," akasema. "Wewe ni wakili?"

"Hata kidogo. Wakili anashughulika na sheria. Mama ana wakili wake. Afisa Whitcomb ana watoto wengi, na siku zake hazimtoshi. Mimi nina mtoto mmoja tu, Delphine. Kazi yangu ni kumjua. Nitakuja kumwona hapa. Nitaongea na mwalimu wake, daktari wake, mama yake, na nyinyi. Halafu nitamwandikia jaji: mtoto huyu yuko hivi, mwenyewe anataka hivi, na mimi naona kinachomfaa ni hiki."

"Na jaji atakusikiliza wewe na mikasi yako?"

"Atasikiliza. Lakini anayeamua ni yeye, si mimi."

"Unalipwa?"

"Hata pesa ya petroli silipwi. Nimesomeshwa kwanza. Wakanichunguza kama nimewahi kuwa na kesi. Nikala kiapo."

Rosaire akacheka kichinichini. "Na kesho saluni nzima itajua mtoto amekojoa kitandani."

Odile akaweka kikombe chini.

"Rosaire, sikiliza. Nimeapa. Habari za mtoto huyu haziingii saluni."

"Utapasuka."

"Basi nipasuke. Mtanizika na siri zangu."

Na kweli alitimiza. Nami nilimjaribu. Nilikaa kwenye kiti chake, nikauliza kwa upole, "Yule mtoto wa Corinne anaendeleaje?" Akanishika nywele, akazitazama. "Hizi ncha zimekauka, mwenzangu. Unatumia sabuni ya vyombo?" Sikuuliza tena. Haya ninayokusimulia nimeyapata kwa Corinne na kwa Noella, kwa ridhaa yao. Kwa Odile sikupata hata nusu neno.

Siku ile ya kwanza Delphine alijificha chini ya meza. Odile naye akakaa sakafuni, na magoti yake yale mabovu. Wakatazamana.

"Umeniletea nini?" Delphine akauliza.

"Sikuleta kitu. Hairuhusiwi kukuletea zawadi."

"Mgeni gani huyo?"

"Mgeni wa kusikiliza."

Delphine akafikiri kidogo. "Utanirudisha kwa mama?"

Noella aliniambia kuwa hapo aliliogopa jibu. Mtu mwingine angesema, "Ndiyo, mpenzi, utarudi." Odile hakusema hivyo.

"Sijui, Delphine. Si mimi ninayeamua. Lakini ukitaka jaji ajue jambo, niambie. Nitamwambia vile vile ulivyosema."

"Mwambie nataka mama. Na mwambie Noella anaweka vitunguu vingi."

"Nitamwambia yote mawili."

Odile akawa anakuja mara kwa mara. Jumanne moja alikuja makusudi kumsubiri mtoto. Akaona kiatu kikiruka. Akasikia kile kilio. Alikaa jikoni, mkono shavuni, uso umemshuka.

"Sasa umeona mwenyewe," Noella akamwambia.

"Nimeona. Kama ningeandika leo, ningesema zipunguzwe kama alivyosema Afisa Whitcomb."

"Basi andika."

"Bado sijamaliza kutazama."

Hapo ndipo inapokuja ile Jumamosi.

Odile alikuwa amekuja asubuhi. Kahawa ilipokwisha akasema, "Haya, mimi naenda." Hapa kwetu neno hilo ni la kuanzia tu. Kwetu hatuagi mara moja. Unaaga mezani, halafu mnaongea. Unafika mlangoni, koti umeshavaa, mnaongea tena. Unaingia garini, unashusha kioo, na mwenyeji anasimama pale kwenye baridi akiwa na ndara, mnamalizia ambayo hayakwisha. Mgeni asiposindikizwa mpaka garini, ujue kuna ugomvi.

Basi Noella na Odile waliaga. Mezani waliongea habari ya goti la Odile. Mlangoni waliongea habari ya mbegu za viazi. Rosaire akaleta mfuko wa viazi na kuutia kwenye buti la gari. Odile akaukataa kidogo, kama inavyotakiwa, kisha akaupokea. Noella akainamia kioo cha gari, wakaanza tena habari ya goti.

Delphine alikuwa amewafuata. Alisimama kwenye theluji na viatu vyake vikubwa, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Odile," akasema, "Noella anakupenda?"

"Sijui. Muulize. Kwa nini?"

"Kwa sababu amekusindikiza mpaka garini." Akahesabu kwa vidole. "Meza. Mlango. Gari."

Odile akazima injini.

"Na wewe, ukitoka kwa mama, nani anakusindikiza mpaka garini?"

"Yule dereva."

"Na mama?"

"Mama anabaki kwenye kiti. Hainuki." Delphine akapiga theluji teke. "Hanitaki."

"Nani amekwambia hakutaki?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe. Mama alisema ni muuza mafagio tu asiyesindikizwa. Kwa sababu tunataka aende zake."

Noella alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. Wiki zote zile alikuwa amedhani mtoto analia kwa sababu amemwona mama yake. Kumbe kila Jumanne mtoto alikuwa anatoka mle ndani akiamini amefukuzwa.

"Yesu na Maria," Noella akasema. "Na sisi wote tunaishi humu humu, tunasindikizana kila siku, na hakuna aliyeliona."

Mazoea yana taabu. Kitu unachokifanya kila siku hukioni tena.

Mwingine angekimbia siku hiyo hiyo kwa jaji. Odile hakukimbia. Neno la mtoto ni zito, lakini alifundishwa kutafuta na ushahidi mwingine. Jumatatu akaenda shuleni.

"Delphine anaagaje jioni?" akamuuliza mwalimu.

Mwalimu akatabasamu. "Huyo? Hapandi basi mpaka nimfikishe kwenye ngazi. Siku moja niliumwa, akaja mwalimu mwingine. Yeye aliwapungia mkono darasani tu. Delphine alipiga kelele mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini."

Jumanne Odile akaenda ofisini, akaketi pembeni ya kile chumba. Corinne na Delphine walicheza karata sakafuni. Walicheka. Corinne alimsuka mwanawe nywele, na mtoto akamsimulia mama yake habari za vitunguu vya Noella. Halikudondoka chozi hata moja.

Kisha Afisa Whitcomb akatazama saa. "Haya, semeni kwaheri."

"Kwaheri, mpenzi wangu," Corinne akasema. Akambusu paji la uso. Akarudi kitini, akakaa, akatabasamu.

Dereva akamshika Delphine mkono. Mtoto alitembea huku anageuka nyuma, anamtazama mama yake. Mlango ukafungwa. Kilio kikaanzia hapo hapo nje ya mlango, hata gari hajaliona.

Odile akamgeukia Corinne. Lile tabasamu lilikuwa bado lipo usoni, lakini machozi yalikuwa yanapita juu yake. Mikono ilikuwa chini ya mapaja. Alikuwa ameikalia.

"Corinne, kwa nini hukuinuka?"

"Niliambiwa nisiinuke. Tangu siku ya kwanza. Kuaga kuwe kufupi, mzazi abaki chumbani, mtoto asihangaike. Nakalia mikono yangu ili nisimkimbilie. Nikivunja sheria moja tu, watasema, Corinne ni yule yule."

"Unajua mwanao anafikiri nini?"

"Najua anaumia. Wananiambia kila wiki. Hali, halali, anang'ata watu." Corinne akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Odile, nimeanza kufikiri niache. Nisije tena. Labda nikitoka machoni pake atapumzika."

"Anafikiri humtaki. Kwa sababu humsindikizi garini."

Corinne alimtazama kama hakusikia. Halafu akajikunja juu ya meza na kulia kwa sauti.

"Siku ile walipomchukua nilikuwa nimelala kwenye kochi," akasema baadaye. "Vidonge vilikuwa vimenilaza. Alitoka kwa mlango wa jikoni. Nilipoamka nilikuta kiti chake kitupu, na ploi yake imeumwa upande mmoja. Hata siku ile sikumsindikiza."

Afisa Whitcomb alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Aliondoka polepole.

Mwezi wa tatu ukafika. Corinne alikaa upande mmoja wa mahakama na wakili wake. Noella na Rosaire walikaa nyuma. Delphine hakuwapo. Alikuwa shuleni, kama inavyofaa mtoto. Ndiyo sababu kuna msemaji wake.

Jaji Sewall ni mama mtu mzima, mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Alisoma maombi ya ofisi. Alimsikiliza wakili. Kisha akasema, "Bi Deschaine, mtoto anasemaje?"

Odile akasimama.

"Mheshimiwa, Delphine anasema anamtaka mama yake. Anasema pia Noella anaweka vitunguu vingi, na nilimwahidi nitalifikisha hilo."

Noella alijifunika uso. Watu wakacheka kidogo.

"Na wewe unasemaje?"

"Mheshimiwa, mtoto huyu halii kwa sababu amemwona mama yake. Analia kwa sababu hakusindikizwa."

Jaji akaacha kuandika. "Endelea."

Odile akaeleza aliyoyasikia garini. Akaeleza habari ya basi la shule. Akaeleza aliyoyaona chumbani, hatua kwa hatua. Mwisho akasema, "Naomba kuonana kusipunguzwe. Naomba mtoto asindikizwe na mama yake mpaka garini, amfunge mkanda, amwambie siku watakayoonana tena. Mheshimiwa, wewe ni mtu wa hapa. Ukitoka kwa dada yako Jumapili, unaaga mara ngapi?"

"Mahakamani mimi ndiye ninayeuliza maswali, Bi Deschaine."

"Nisamehe, Mheshimiwa."

Jaji akavaa miwani. "Lakini ni mara nne. Dada yangu huwa anafuata gari."

Akamgeukia Afisa Whitcomb. Afisa alisimama, uso umemwiva.

"Mheshimiwa, ofisi iliweka utaratibu huu kwa sababu. Kuna mzazi mmoja zamani alikimbia na mtoto kutoka kwenye maegesho. Na mimi ni mtu wa kusini. Kwetu tunaaga mara moja, tunaondoka. Nilidhani nikifupisha, nampunguzia mtoto maumivu." Akamtazama Corinne. "Nilikosea. Nitasimama mwenyewe karibu na gari. Tujaribu."

Jaji akaamuru hivyo. Jumanne zibaki kila wiki. Mama amsindikize mtoto, afisa akiwa karibu. Baada ya muda warudi wamwambie matokeo.

Jumanne iliyofuata, Noella aliweka tena sahani za plastiki. Matumaini alikuwa nayo, lakini sahani za udongo zilikuwa za mama yake.

Kule ofisini, muda ulipokaribia, Corinne alisema mezani, "Haya, mwanangu, tunakaribia kuagana." Wakakusanya karata pamoja. Mlangoni alimfunga zipu ya koti na kumvuta kofia mpaka puani, mtoto akacheka. Kisha wakatoka nje, mkono kwa mkono. Afisa Whitcomb aliwafuata nyuma kwenye barafu, anateleza na viatu vyake vya kusini. Corinne akamkalisha mtoto, akamfunga mkanda.

"Jumanne ijayo nitakuja na karata."

"Na mimi nitakushinda."

"Tutaona."

Delphine alilia. Nisikudanganye. Alilia mpaka kwenye daraja. Lakini kilikuwa kilio cha mtoto aliyeachana na mama yake. Kile cha mtoto aliyetupwa hakikusikika. Alipofika kwa Noella alikuwa amenyamaza, viatu vyote viwili vipo miguuni. Akakaa mezani. Akatazama sahani yake.

"Mbona mimi nalishwa kwenye plastiki? Mimi ni mbwa?"

Noella akaenda kabatini, akaleta ya udongo.

Mambo hayakunyooka siku moja. Kitanda kililowa bado siku kadhaa. Corinne aliendelea na matibabu, akatafuta nyumba, akarudi kazini lakini si kwenye ile mashine. Odile aliendelea kuja na kuandika anayoyaona, mazuri na mabaya. Lakini mtoto alikuwa anakula. Hakumng'ata tena mtu, isipokuwa mmoja ambaye hata mwalimu alisema alistahili. Mashamba ya viazi yalipotoa maua meupe, Jaji Sewall aliamuru Delphine arudi kwa mama yake.

Siku ya kuondoka, Corinne alikuja na gari lake kuukuu. Odile alikuwapo, kwa sababu kesi ikifungwa kazi ya msemaji inakwisha, na alitaka kuaga. Nami nilivuka barabara. Wangenizuia?

Tulikunywa kahawa. Rosaire alipakia mfuko wa nguo, na mfuko wa viazi, na mfuko mwingine wa viazi. Delphine akasimama juu ya kiti.

"Sasa naenda," akatangaza. "Meza, tumemaliza. Twende mlangoni."

Wote tukainuka. Noella peke yake alikuwa ameenda kwenye sinki. Alitugeuzia mgongo, akafungua maji.

"Nendeni tu," akasema. "Nenda, mwanangu. Nina vyombo hapa."

Vyombo vyenyewe vilikuwa vikombe vichache. Alikuwa hawezi kugeuka.

Delphine alisimama katikati ya jiko. Uso ukaanza kumbadilika. Niliuona ukigeuka, ule uso wa Jumanne.

"Noella hanitaki?"

Rosaire alifunga maji. Akachukua kitambaa mikononi mwa mkewe. "Nenda, mama," akamwambia. "Mimi nitaosha."

Noella akageuka, macho mekundu, hana hata nafasi ya kujifuta. Akamshika mtoto mkono. Wakaenda mlangoni, wakasimama. Wakaenda garini. Noella alikuwa na ndara na aproni iliyolowa. Aliinama akamfunga mkanda, ukagoma, akaufunga tena.

"Nakutaka mpaka naumwa," akamwambia. "Nataka ulijue hilo."

"Najua," Delphine akasema. "Umefika mpaka garini. Utakuja lini?"

"Jumapili. Mama yako amenialika."

"Usilete vitunguu."

Corinne akashusha kioo, akamshika Noella mkono. Gari likaondoka taratibu. Noella alitembea kando yake mpaka barabarani, halafu akabaki anapunga mkono mpaka likapotea nyuma ya mashamba yale meupe.

Tulirudi uani. Odile alikuwa amesimama na funguo mkononi. Hana tena mtoto wa kumsemea, na hana lolote la kutusimulia.

"Haya," akasema, "mimi naenda."

Noella akamshika kiwiko, akamgeuza kuelekea nyumbani.

"Unaenda wapi? Njoo kwanza mezani."